Hadhira Ina Miguu

Nenda Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza, siku za sherehe ya Bulabo mwezi wa sita, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani. Simama katikati ya uwanja. Upande huu wanacheza Wagika, upande ule Wagalu, wote kwa wakati mmoja, na watu wamejaa katikati, shingo zinageuka huku na kule. Mara kishindo kinatoka upande mmoja na umati unakimbilia huko, watoto mbele, kina mama wenye watoto mgongoni wakifuata. Waliokimbiwa hawana wa kumlaumu. Kundi lililovuta watu wengi ndilo limeshinda, na ndivyo ilivyokuwa tangu karne ya 19, enzi za waganga wawili, Ngika na Gumha, ambao wazee husimulia kwamba ushindani huu ulianzia kwao.

Nawapeleka huko kwanza nyinyi mnaoanza kusoma sanaa za maonesho, iwe ni darasani au katika klabu ya shule, Shinyanga mjini, Kishapu, Kahama, Katoro au Nyarugusu. Wengi mnakuja mkiamini kwamba kuigiza ni mambo ya televisheni na ya watu wa Dar es Salaam, na kwamba sisi huku tunaanzia sifuri. Si kweli. Bibi zenu na babu zenu walikuwa wakivuta hadhira ambayo haikufungiwa ndani wala haikulipa kiingilio, hadhira yenye miguu, inayoondoka ikichoka. Hadhira hiyo ndiyo mtakayoipata na nyinyi: watu waliosimama chini ya mwarobaini, wachimbaji waliotoka na njaa duarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu, wanafunzi wenzenu wanaosubiri ugali. Yote nitakayowaambia, kuanzia sauti hadi kuwahi mazoezini, yanatokana na hilo: mtazamaji ana haki ya kuondoka, na sisi sote kwa pamoja tuna kazi ya kumpa sababu ya kubaki.

Tuanze na mahali pa kuchezea. Shule nyingi za huku hazina ukumbi wa maonesho. Lipo bwalo la chakula lenye paa la mabati, au uwanja wa paredi, au kivuli cha mti. Msinung'unike, chagueni kwa akili. Jambo la kwanza la kuangalia ni jua. Maonesho mengi hufanyika kati ya saa tisa na saa kumi na moja, jua likiwa linashuka magharibi. Ukiwaketisha watu wakilielekea, wataona vivuli vyeusi vinavyotembea, na baada ya dakika kumi macho yanawauma. Waketishe wamelipa jua mgongo. Litakupiga wewe usoni, na utalivumilia, lakini kila mkunjo wa uso wako utaonekana. Jambo la pili ni upepo. Kiangazi cha Shinyanga kina upepo wa vumbi, na sauti husafiri nao. Panga uwanja ili upepo utoke kwako kwenda kwa watu. Jua na upepo visipopatana, geuza uwanja kidogo upate nusu ya kila kimoja. Ikishindikana kabisa, fuata upepo. Anayekuona kwa shida lakini anakusikia atabaki. Asiyekusikia ataondoka hata kama anakuona vizuri.

Chora mipaka kwa majivu ya jikoni. Nusu debe linatosha kuzungushia eneo la hatua kumi kwa hatua nane. Ndani ya mistari ni jukwaa, na humo kila unachofanya hadhira itakipa maana, hata ukijikuna sikio. Nje ya mistari ni nyuma ya pazia, hata kama pazia lenyewe halipo. Kulia kwa jukwaa ni kulia kwako wewe mwigizaji uliyewaelekea watazamaji. Mwalimu akiwa amekaa upande wa hadhira akasema "nenda kulia", usifuate mkono wake, fuata wako. Mbele ya jukwaa ni karibu na watu, nyuma ni mbali nao. Mkija kusoma vitabu vya Waingereza mtakuta mbele wanaiita chini na nyuma wanaiita juu, msichanganyikiwe. Katika kumbi za zamani za Ulaya jukwaa lilijengwa kwa mteremko ili waliokaa chini waone vizuri, na majina yakabaki hata baada ya majukwaa kusawazishwa.

Kosa la kila anayeanza ni kuzungumza na mwenzake huku wamesimama uso kwa uso kama watu wanaosalimiana barabarani. Kwa hadhira, kila mmoja wenu ni sikio moja na shavu moja. Fungua mwili kidogo: mguu ulio karibu na watu urudi nyuma nusu hatua, kifua kigeuke kuelekea kati ya mwenzako na hadhira. Mwanzoni utahisi unadanganya. Baada ya wiki mbili mwili utazoea na hutalifikiria tena. Kuwapa watu mgongo si mwiko, ila ufanye hivyo kwa sababu inayojulikana. Mama aliyepata habari ya msiba akageuka, mabega yakabaki yanatetemeka, anaweza kusema mengi kuliko uso. Aliyegeuka kwa kusahau hasemi chochote.

Sasa sauti, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo maonesho mengi ya shule yanapofia. Sauti inayofika haihitaji kelele. Anayepayuka huchoka dakika ya tano, koo linakauka, na maneno yanagongana. Lala chali kwenye mkeka, weka daftari tumboni, vuta pumzi mpaka daftari linyanyuke, kisha literemshe taratibu ukihesabu moja hadi kumi na tano kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Fanya hivyo kila siku kabla ya mazoezi. Halafu nendeni uwanja wa mpira wawili wawili, simameni mkiachana hatua thelathini. Mmoja ataje vitu vitano vya sokoni bila kupayuka, mwenzake arudie alivyosikia. Asiyesikika asogee hatua tano, waanze upya. Ndani ya mwezi mmoja nimeona wasichana waliokuwa wananong'ona wakisikika kutoka goli hadi katikati ya uwanja.

Zaidi ya yote, tunza mwisho wa neno. Lugha yetu huficha mambo mazito kwenye silabi za mwisho. "Anapiga" na "anapigwa" zinatofautiana kwa kitu kidogo sana, na ukikimeza hadhira haitajua nani ameonewa. "Hajafa" na "hajafika" ni hadithi mbili tofauti. Wanafunzi wengi huanza sentensi kwa nguvu na kuimalizia chini ya ulimi, kwa sababu akili yao imeshahamia sentensi ifuatayo. Soma maneno yako mbele ya ukuta, na kila silabi ya mwisho igonge ukuta kwa kiganja.

Kuna na hili la r na l. Wengi tumelelewa katika Kisukuma, lugha isiyotumia r, na tukisema Kiswahili kwa haraka r zote hugeuka l. Msione haya, na asiwepo wa kumcheka mwenzake. Lafudhi si ujinga, na ukipewa nafasi ya bibi wa Maswa au mzee wa Bukombe, lafudhi hiyo ni mali, itumie. Lakini ijue unapoitumia. Katika mchezo kuhusu binti anayeozeshwa angali shuleni, baba akisema "nimeshapata mahari" ikasikika "nimeshapata mahali", watu watadhani amepata kiwanja, na moyo wa mchezo wote utapotea kwa herufi moja. Andika orodha ya maneno ya namna hiyo yaliyomo katika sehemu yako, mahari na mahali, kura na kula, uyazoeshe ulimi peke yake kabla hujayarudisha kwenye sentensi. Kwa mazoezi ya hotuba ndefu, tafuteni tafsiri za Mwalimu Nyerere za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Kinywa kilichozoea sentensi zile ndefu kitayaona mazungumzo ya kawaida kuwa mepesi.

Sauti ya binadamu ina mipaka, na lazima muijue. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha, tulikuwa ndani ya bwalo mwezi wa tatu, mvua ikaanza katikati ya onesho la pili. Waigizaji wangu waliendelea, midomo inachezacheza, mishipa ya shingo imesimama, na hakuna hata neno moja lililosikika chini ya mabati yale. Watu wakaanza kuzungumza wao kwa wao, mvua ilipokatika hakuna aliyekuwa anajua hadithi imefika wapi. Tangu siku hiyo kila kundi langu lina wimbo wa mvua. Mpiga ngoma anatoa mlio uliokubaliwa, kila mmoja anaganda alipo, wimbo unaingia, tena ule ambao wenyeji wanaujua nao waitikie. Mvua ikipungua ngoma inakata, na mtu wa mwisho kusema anarudia sentensi yake. Pangeni wimbo wenu mapema. Kwenye makarasha, kule Nyarugusu au pembeni ya Katoro, wimbo hautasaidia. Mashine ya kusaga mawe ikiwaka hakuna koo litakaloishinda. Nendeni siku mbili kabla, mkiwa na mwalimu, mwoneni mwenyekiti wa kijiji na mwenye karasha, mwombeni azime kwa saa moja. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima, na wengine huja kutazama.

Mwili nao una somo lake, na somo langu la kwanza hulifundisha kwa ndoo. Namwita mwanafunzi mmoja, nampa ndoo tupu ya lita ishirini, namwambia aingie nayo jukwaani kama mtu aliyetoka bombani. Anainyanyua kwa mkono mmoja, anaitua kama kofia. Namuuliza, "Imejaa?" Anajibu, "Imejaa, Mwalimu." Darasa linanyamaza, maana wote wamebeba maji tangu wakiwa wadogo na wanajua haikujaa. Basi tunaijaza kweli. Anajitwika, anatembea hatua ishirini, na wengine kazi yao ni kutazama tu. Shingo imefupika. Macho yanatazama mbele, hayageuki. Goti linatangulia kukunjika kabla ya mguu kutua. Mkono mmoja umeshika ukingo, wa pili unapepea kutafuta mizani. Wakati wa kutua anavuta pumzi, anaiachia, ndipo anainama. Tunaimwaga kwenye miche, anarudia na ndoo tupu, na safari hii maji yanaonekana ingawa hayapo. Mwigizaji huanza hapo. Fanya hivyo na jembe, na karai la mawe, na mtoto mgongoni, na simu iliyoleta habari mbaya. Usiige umbo la tendo. Tafuta uzito wake.

Vifaa vyenyewe viheshimiwe. Wacheza bugobogobo hurusha majembe hewani na kuyadaka wakiwa wamepangana karibu karibu, na ukiwatazama unaweza kudhani ni ujasiri. Ni mazoezi marefu: kila mmoja anajua jembe la jirani liko wapi katika kila pigo la ngoma. Kwenye darasa letu hakuna panga halisi, chupa ya kioo wala moto ndani ya mistari ya majivu. Mkiigiza *Ngoswe* ya Edwin Semzaba, ambayo wengi mnaisoma kidato cha tatu na cha nne, mtatamani kuchoma karatasi za sensa mbele ya watu. Acheni. Zichomwe nje ya mipaka, kwenye karai, mtu mmoja akiwa na ndoo ya maji kando. Moshi ukiingia na mzee aliyezichoma akatokea na majivu mikononi, watu watashtuka vya kutosha.

Kuhusu kukariri, wengi mnakariri kama mnavyokariri tarehe za historia, mmekaa, macho juu. Kisha mkisimama jukwaani miguu inasogea na maneno yanakimbia. Kariri ukitembea njia ile ile utakayotembea kwenye onesho. Na usikariri yako peke yake, kariri maneno matatu ya mwisho ya anayekutangulia, maana hayo ndiyo yanayokuita. Katika London ya Shakespeare mwigizaji hakupewa mchezo mzima. Alipewa karatasi iliyoviringishwa yenye maneno yake tu pamoja na yale machache ya mwisho ya mwenzake. Karatasi na kazi ya kunakili kwa mkono vilikuwa ghali. Huku kwetu fotokopi nayo si bei ndogo kwa kundi la watu kumi na wanane, kwa hiyo njia hiyo inatufaa: kila mmoja anakili sehemu yake kwenye daftari kwa mkono, na mkono nao husaidia kukumbuka. Ila kwanza someni mchezo mzima pamoja, kwa sauti, kwenye duara, angalau mara mbili, ili kila mtu ajue hadithi inatoka wapi na inakwenda wapi.

Ukisahau jukwaani, usitazame chini, usitoe ulimi, usimtazame mwalimu. Vuta pumzi, mtazame mwenzako, endelea na jambo ambalo mhusika wako anataka. Mwenzako atakuokoa ikiwa naye anakusikiliza. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: wanasubiri zamu yao badala ya kusikiliza. Mliokulia karibu na maduara mnajua mtu hashuki shimoni akiwa hamwamini aliyeshika winchi juu. Aliyeshuka haoni lolote, amebaki na kamba. Jukwaani unaposema, mimi nisiye na neno hata moja wakati huo ndiye niliyeshika kamba yako. Nikipiga miayo, nikiangalia kama shangazi yangu amefika, umeanguka.

Kwenye hilo ndiko zinakotoka taratibu za darasa, na ndiyo maana nazisimamia kwa ukali kuliko walimu wengine. Mazoezi ya saa tisa na nusu maana yake saa tisa na nusu mwili umeshapashwa moto. Watu kumi na saba wakimsubiri mmoja kwa dakika ishirini, amewapotezea saa karibu sita. Lakini najua pia maisha yenu. Kuna anayetembea kilomita saba kurudi nyumbani, kuna anayeishi geto na kujipikia, kuna msichana ambaye asipochota maji jioni nyumbani hakupikwi. Niambie mapema, jana au juzi, si baada ya kuchelewa, na ratiba tutaipanga upya. Nimewahi kuhamishia mazoezi saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa sababu ya foleni ya kisima, na yalikuwa mazoezi mazuri kuliko yote ya mwaka ule. Simu zinabaki kwenye kapu mlangoni. Wanaovaa sketi wavae suruali ya michezo ndani, maana tutalala chini, tutaruka, tutabebana. Viatu vivuliwe tukiwa ndani, vivaliwe tukiwa nje; Shinyanga ina miiba mingi.

Kugusana ni jambo la kuongelewa waziwazi. Hakuna anayemgusa mwenzake, iwe kumsukuma, kumkumbatia au kumshika mkono, bila kuuliza kwanza na kujibiwa, na jibu la jana halitoshi kwa leo. Anayesema hapana haulizwi kwa nini. Mapenzi jukwaani yanaweza kuoneshwa kwa watu wawili wanaopeana kikombe cha chai wakachelewa kukiachia. Na hili linawahusu walimu na waongozaji kuliko wanafunzi: hakuna mazoezi ya mtu mmoja na mwalimu mmoja katika chumba kilichofungwa. Mwanafunzi akiitwa kwa mazoezi ya namna hiyo, ana haki ya kutokwenda, tena amwambie mzazi au mwalimu mwingine siku hiyo hiyo.

Hatucheki kosa. Tunacheka kichekesho. Ukitakiwa kutoa maoni juu ya kazi ya mwenzako, anza na ulichokiona kwa macho: "Ulipokaa, nilijua umechoka kwa sababu ulishika kiti kabla ya kukaa." Kisha useme ulichokikosa: "Sikusikia jina la kijiji." "Umeigiza vibaya" haimsaidii mtu yeyote, na "safi sana" nayo haimsaidii. Naye anayeambiwa asijitetee, aandike. Kila mmoja awe na daftari la mazoezi.

Wapo wanaonuna wakikosa sehemu kubwa. Nawaelewa, lakini nataka mjue nani anayebeba mchezo kwa kweli. Ni yule asiyeonekana, meneja wa jukwaa, mwenye orodha ya nani anaingia lini na kifaa kipi kiko wapi. Kila mwaka nampa kazi hiyo mwanafunzi ninayemwamini kuliko wote. Anatandika mkeka nje ya mipaka, anauchorea visanduku kwa chaki, kila kifaa na sanduku lake: kibuyu, barua, fimbo, kanga ya bibi. Kila kinachotoka jukwaani kinarudi kwenye sanduku lake, na hakuna anayeshika kifaa kisicho chake. Giza likiingia na taa ya sola ikafifia, mkono unajua pa kwenda.

Nimefika kwenye jambo ninalolionea uchungu.

Miaka iliyopita tulitunga kichekesho, na ndani yake kulikuwa na mchawi. Mwanafunzi alijipinda mgongo, akapaka wekundu kuzunguka macho, akajifunga kaniki, akaingia akicheka kwa sauti ya kukwaruza. Watu waliangua kicheko. Mstari wa mbele alikuwa amekaa bibi mmoja wa kijiji kile, macho yake mekundu kama walivyo bibi wengi waliopikia mabua ya mahindi na mavi ya ng'ombe maisha yao yote ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Alinyanyuka, akajitanda kanga hadi kwenye nyusi, akaondoka polepole akipita kando ya watu. Watoto wawili walimnyooshea kidole. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa kundi lile, mimi ndiye niliyeuona wekundu ule kwenye mazoezi nikaucheka.

Kanda hii imezika vikongwe wengi waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, na imeona watu wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao, baadhi ya wawindaji wakitaka bahati ya dhahabu. Mnayajua haya, mengine yametokea karibu na kwenu. Mtazamaji anaondoka na miguu yake, na kichwani anaondoka na picha mliyompa. Basi katika darasa langu hakuna bibi mwenye macho mekundu anayechekwa, hakuna mtu mwenye ualbino anayeigizwa kama mzuka, na hakuna mtu halisi wa kijiji anayetajwa au kuigwa kiasi cha kutambulika. Mkitaka kugusa imani za watu, igizeni kwa uzito. Someni *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya 1969, muone jinsi mtu mwenye maono anavyoweza kuwekwa jukwaani bila dharau na bila kufichwa makosa yake. Someni *Ngoma ya Ng'wanamalundi* ya Emmanuel Mbogo, iliyomchukua shujaa wa Usukuma mwenye nguvu za ajabu na kumpa kazi ya kufikirisha. Na mkiigiza mauaji ya vikongwe, anzeni na moshi wa jikoni. Mwonesheni mama akipika, akifuta machozi, miaka ikipita, macho yakibadilika. Tulifanya hivyo baadaye katika kijiji kingine, na mzee mmoja alisimama mwishoni akauliza jiko la moshi mdogo linapatikana wapi.

Kuuliza huko kuna historia hapa karibu. Malya, wilayani Kwimba, ambako leo wengi wanajua chuo cha michezo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na vijana wa kijiji. Hawakuja na mchezo mkononi. Walikaa, wakauliza matatizo ya pale ni yapi, wakatumia ngoma za wenyeji kuyasema, na onesho likafuatiwa na mjadala. Mwaka 1996 Mlama na Lihamba walikuwa tena miongoni mwa walioanzisha mradi wa Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari hutafiti wenyewe kinachowazuia kusoma kisha hukiigiza mbele ya walimu na wenzao. Mkitaka kutunga mchezo wenu, fuateni utaratibu huo: wiki ya kwanza msitunge chochote, ulizeni tu. Ulizeni wasichana kwa nini wanaacha shule wakati wa rashi ya dhahabu. Ulizeni wavulana wanalipwa nini kubeba mawe kwenye mialo ya kusafishia dhahabu. Majibu yatawapa mchezo ambao hakuna kitabu kinao. Baada ya onesho msiondoke mbio. Leteni viti viwili mbele, mhusika mmoja akae akiwa bado ni mhusika, watu wamwulize. Hapo ndipo utajua kama ulimjua.

Siku ya onesho fikeni saa mbili kabla. Pitieni jukwaa lote kwa miguu peku mkitafuta mawe na vigae. Kula kidogo, kunywa maji mengi, acha soda na karanga, maana karanga hukwama kooni. Hofu itakuja. Mikono itakuwa baridi hata kwenye joto la mwezi wa kumi. Simameni kwenye duara, shikaneni mikono wale wanaokubali, imbeni taratibu wimbo wowote mliozoea, vuteni pumzi kumi pamoja. Kuna watakaowazomea, kuna mlevi atakayeingia ndani ya mistari ya majivu naye akitaka kucheza. Msimsukume. Mpeni salamu mkiwa ndani ya wahusika wenu, mmoja amshike bega amsindikize kama mgeni aliyekosea nyumba, mchezo uendelee. Watu wakianza kuondoka mmoja mmoja, msiwakasirikie na msiongeze kelele. Ongezeni kusikilizana. Mara nyingi wanaondoka kwa sababu nyinyi wenyewe mmeacha kutazamana.

Likiisha, inameni pamoja, mara moja, mtoke. Kabla ya kupiga picha na kabla ya kwenda kwa ndugu zenu, meneja wa jukwaa asome orodha. Kibuyu kirudi kwa mama wa mgahawa, mabenchi kanisani, ngoma kwa mzee aliyewaazima, na wapelekaji wawe wawili, waseme asante kwa jina la kundi. Majivu yafagiliwe. Kisha hesabuni watu, mpange nani anatembea na nani, na wanaokaa mbali waondoke kwanza kabla giza halijaingia.